Chombo cha Kuuzia Mayai: Namna ya Kukitumia Tena Pasipo Hasara

Kuku ni mali isiyotaka shamba kubwa wala mtaji mwingi, na kwa sababu hiyo nyumba zisizo na kuku wawili watatu uani ni chache katika vijiji vyetu. Mayai ndiyo yanunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Yameandikwa mengi juu ya kulisha kuku, juu ya mabanda, na juu ya kuatamisha. Lakini juu ya safari ya yai, tangu kiotani hata mkononi mwa mnunuzi, yameandikwa machache. Nasi twaona kwamba hasara nyingi hutokea katika safari hiyo.

Basi leo twataka kueleza habari za vyombo vya kuuzia mayai: vipi vyafaa kutumika tena na tena, vipi havifai, na masharti gani yashikwe ili chombo kikirudi nyumbani kisirudi na msiba. Twawaomba walimu walisome somo hili darasani, na wenyeviti wa vijiji walitaje mkutanoni, kwani wauzaji wa mayai aghalabu ni kina mama na watoto, na wengi wao hawana nafasi ya kusoma karatasi hizi wenyewe.

HABARI YA MAMA MMOJA

Katika milima ya Usambara, kando ya njia ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, yuko mama mjane tunayemfahamu. Jina lake hatulitaji, maana hakututuma kulitangaza. Alikuwa na kuku thelathini na wanane, na kila siku ya soko alishuka Mombo na mayai yake, mahali ambapo mabasi ya njia kuu husimama na wakaanga chipsi hununua mayai mengi. Aliyachukua katika ndoo, yamelazwa juu ya majani mabichi. Gari lilipokata kona za mlima mayai yaligongana, hata alipofika chini, katika kila mayai kumi moja lilikuwa limepasuka. Tena lile lililopasuka liliwachafua wenzake, na mnunuzi akapunguza bei ya yote.

Siku moja mwenye mgahawa akamhurumia, akampa trei nne za karatasi zilizokwisha kutumika. Tangu siku ile mayai hayakuvunjika. Mama akafurahi, akaziweka trei zile juu ya banda la kuku, ili azipate kwa urahisi wakati wa kuokota mayai. Baada ya siku nane kuku mmoja alizubaa na kushusha mbawa. Siku ya pili yake watatu waliharisha kinyesi cha kijani. Kisha wengine shingo zikapinda. Kabla ya juma kwisha, katika kuku thelathini na wanane walibaki watano.

Bwana mifugo alipofika aliamkia, akakaa juu ya kigoda, akauliza: “Mama, kuku hawa walichanjwa lini?”

“Hawajachanjwa, mwanangu.”

“Na trei hizi zimetoka wapi?”

Mama akanyamaza. Katika vitundu vya trei zile mlikuwa na kinyesi kilichokauka na vinyoya vyeupe, naye hakuwa na kuku mweupe hata mmoja.

Hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa uliingia kwa trei, kwani kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huja kwa njia nyingi: kwa kuku mgeni aliyenunuliwa sokoni, kwa nyayo za watu, kwa matenga ya wachuuzi. Lakini trei chafu ni mojawapo ya njia zake zijulikanazo, na njia ile mama aliifungua mwenyewe pasipo kujua. Fedha ya mayai ndiyo iliyotazamiwa kununua godoro la binti yake, aliyekuwa akienda shule ya bweni mwezi wa Januari. Binti alikwenda na godoro la kuazima.

Hatuyasemi haya kwa kumlaumu. Twayasema kwa kuwa ndani ya habari hii yamo mafundisho yote mawili ya somo letu. Chombo kibaya huvunja mayai. Na chombo chema kirudicho kichafu huua kuku. Mtu akishika la kwanza na kuacha la pili, ameziba ufa na kuacha mlango wazi.

YAI LATAKA NINI

Kabla ya kuchagua chombo, yafaa tulijue yai lenyewe. Ganda lake ni la namna ya chokaa. Lina vitundu vidogo kwa maelfu, ambavyo jicho haliwezi kuviona vyema, na kwa vitundu hivyo kifaranga aliye ndani huvuta pumzi. Juu ya ganda uko utando mwembamba uliokauka, nao huzuia vijidudu kupenya. Kwa hiyo yai si kama jiwe. Ni kitu kipumuacho, na mambo matano hulidhuru.

La kwanza ni kugongana. Ganda lina nguvu katika ncha zake mbili, na ni dhaifu ubavuni. Yai lililosimama huvumilia mtikiso kuliko yai lililolala. Lisimamishwe ncha nyembamba ikiwa chini na upande butu ukiwa juu, kwa maana katika upande butu mna kijumba cha hewa, na kiini hukaa vyema katikati.

La pili ni unyevu. Ganda likilowa, vijidudu husafiri katika maji na kupenya vitunduni. Kwa hiyo majani mabichi, ingawa ni laini, si tandiko jema.

La tatu ni joto. Yai lenye mbegu ya jogoo likikaa katika joto kali huanza kuumbika kifaranga, kisha likipoa huharibika na kuwa viza. Mchuuzi aachaye mayai juani tangu asubuhi hata alasiri anayaatamia pasipo kuku.

La nne ni harufu. Kwa vitundu vile vile yai hunywa harufu ya jirani yake. Chombo kilichochukua samaki, vitunguu au mafuta ya taa kisichukue mayai.

La tano ni uchafu, na hapa wengi hukosea kwa nia njema: huyaosha mayai yote kwa maji ya baridi ili yang’ae. Maji huondoa ule utando. Tena maji yaliyo baridi kuliko yai hulifanya la ndani lisinyae, na uchafu huvutwa kuingia. Hata mataifa makubwa hayakupatana katika jambo hili. Katika Marekani mayai ya biashara huoshwa kwa mashine, kisha hukaa katika baridi mpaka yamfikie mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mayai ya daraja la kwanza kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa, ili utando ubaki. Sisi tusio na vyumba vya baridi yatupasa kufuata njia hii ya pili. Kiota kiwe kikavu na safi, mayai yaokotwe kila siku, na taka kidogo ifutwe kwa kitambaa kikavu. Yai lililochafuka sana liliwe nyumbani upesi, lipikwe hata liive kabisa, lisipelekwe sokoni.

VYOMBO VYENYEWE

1. Kikapu chenye tandiko. Kikapu cha ukindu au miyaa ni chombo cha kale, na hata leo chafaa sana. Hupitisha hewa, ni chepesi kichwani, nacho hudumu muda mrefu kikitunzwa. Walakini kikapu kitupu hakitoshi; lazima kiwe na tandiko. Penye mashine za kukoboa mpunga, kama kule bondeni Mombo, kumvi hupatikana kwa urahisi. Penye migomba, maganda yake makavu yaliyochanwa hufaa vile vile. Tandika kumvi kavu kiasi cha vidole vitatu, simamisha mayai yasigusane, funika kwa kumvi nyingine, kisha panga safu ya pili. Safu zisizidi tatu, maana za chini zitalemewa. Faida ya kikapu ni kwamba mtu aweza kukisuka mwenyewe. Hasara yake ni kwamba uchafu hujificha katika ukili. Basi ndani ya kikapu uwekwe mfuko wa kitambaa, na kumvi zikae ndani ya mfuko. Baada ya safari kumvi zimwagwe shambani mbali na kuku, na mfuko ufuliwe na kuchemshwa. Kumvi zilizotoka sokoni zisitumike tena, wala zisitandikwe bandani.

2. Sanduku la mbao. Seremala wa kijiji aweza kutengeneza sanduku lenye mbao nyembamba zilizotobolewa matundu. Kila tundu liwe dogo kidogo kuliko tumbo la yai, yai likae pasipo kupenya, na kingo zilainishwe kwa msasa. Sanduku hili lafaa kwa baiskeli na pikipiki, maana hustahimili kamba. Lakini ni zito, na ubao hunywa maji. Ukilowa haukauki upesi, na kuusafisha hata ndani ya nyufa ni kazi. Twalipendekeza kwa mtu ambaye sanduku lake haliachwi kwa mnunuzi: hupeleka, huhesabu mayai, na kurudi nalo mwenyewe saa ile ile.

3. Trei ya karatasi. Hii ndiyo ijulikanayo katika masoko yetu, yenye matundu 30, safu tano kwa sita, hata neno lenyewe “trei” limekuwa kipimo cha mayai 30. Asili ya kulitenga kila yai katika kijumba chake cha karatasi yafaa kujulikana. Mwaka 1911, katika bonde la Bulkley, jimbo la British Columbia, nchi ya Kanada, palikuwa na mwenye gazeti aitwaye Joseph Coyle. Yasimuliwa kwamba alisikia mfugaji na mwenye hoteli wakigombana kwa sababu ya mayai yaliyofika yamevunjika, naye akabuni kisanduku cha karatasi chenye kijumba cha kila yai. Maana ya ubunifu ule ni fupi: yai lisiguse yai. Trei zetu za leo hufinyangwa kwa karatasi kuukuu zilizolowekwa na kupondwa.

Trei ya karatasi ni rahisi, nayo hunywa jasho la yai. Lakini kwa kuwa hunywa jasho, hunywa pia uteute wa yai lililopasuka na kinyesi, wala haiwezi kuoshwa. Ukiiosha yalainika na kufumuka. Kwa hiyo kanuni yake ni hii: trei ya karatasi iliyo kavu na safi, ambayo haijatoka nyumbani mwako, waweza kuitumia tena humo nyumbani kwa kuhifadhi mayai. Ikiisha kwenda sokoni, isirudi. Na trei ya karatasi iliyotoka kwa mfugaji mwingine usiipokee, hata ukipewa bure. Ile iliyokwisha kazi ichomwe au ifukiwe katika shimo la mboji ambalo kuku hawalifikii.

4. Trei ya plastiki. Umbo lake ni lile lile la matundu 30, bali huoshwa kwa sabuni na kukauka upesi. Bei yake ni kubwa kuliko ya karatasi, lakini hutumika mara nyingi sana. Hii ndiyo trei ifaayo kwenda kwa mnunuzi na kurudi. Adui yake ni jua la siku nyingi, ambalo huifanya ngumu hata ikapasuka. Basi ikiisha kukauka ihifadhiwe kivulini. Trei iliyopasuka itolewe kazini, kwa maana katika ufa uchafu hujificha, na mdomo wa ufa hutoboa ganda.

5. Chombo cha mnunuzi mwenyewe. Jirani ajaye kununua mayai sita au kumi hana haja ya trei. Zamani wengi walimpa mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea imekatazwa na serikali: Rwanda tangu mwaka 2008, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Tena mfuko ule haukuwa chombo cha mayai hata siku moja, kwani mayai yaligongana ndani yake njia nzima. Jirani na aje na bakuli au kikapu chake chenye kitambaa ndani. Hiki ndicho chombo kisicho na gharama kwa muuzaji, ila kina sharti moja, nalo twalieleza sasa.

KANUNI ZA CHOMBO KIRUDICHO

Kanuni ya kwanza: viwepo vyombo vya namna mbili, vya nyumbani na vya njiani. Chombo cha nyumbani ndicho unachookotea mayai kiotani; hakitoki nje ya ua. Chombo cha njiani ndicho kiendacho sokoni, hakiingii bandani. Mayai huhamishwa kutoka cha kwanza kwenda cha pili mlangoni pa ua. Vivyo hivyo jirani ajaye na bakuli lake asimame pale pale, nawe umpelekee mayai. Bakuli lake lisifike kwenye viota. Mtu asione kwamba ni kiburi au kumdharau mgeni. Mwambie kwa upole sababu yake, naye atafanya vivyo hivyo kwa kuku wake mwenyewe.

Kanuni ya pili: mahali pa kuoshea vyombo pawe nje ya uzio, mahali ambapo kuku wako na wa jirani hawafiki, na maji machafu yamwagwe shimoni, yasitiririke kwenda penye kuku.

Kanuni ya tatu: kuosha kuna taratibu yake, nayo isipinduliwe. Kwanza kwangua na sugua kwa brashi, maji na sabuni, hata kila tundu liwe safi. Pili suuza. Tatu tia katika maji yenye dawa ya klorini, ile iondoayo madoa ya nguo nyeupe, kwa kipimo na muda ulioandikwa juu ya chupa. Nne suuza tena, kisha anika juani, upande mmoja na wa pili, hata pakauke kabisa. Wengi hupenda kuanza na dawa ili kupunguza kazi. Lakini dawa ikikutana na kinyesi humaliza nguvu zake juu ya kinyesi, na vijidudu vilivyo chini yake husalimika.

Kanuni ya nne: aliyeshika vyombo vilivyotoka sokoni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia bandani, wala asiingie na viatu alivyokwenda navyo sokoni.

Kanuni ya tano: chanjo. Usafi wa vyombo hauchukui mahali pa chanjo, wala chanjo haichukui mahali pa usafi. Chanjo ya kideri itiwayo jichoni, tone moja kwa kila kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au kama bwana mifugo aagizavyo. Kuku aliyekwisha kuugua hawezi kuponywa kwa chanjo, sharti itangulie.

ALAMA, AMANA NA DAFTARI

Sasa twaja kwenye jambo ambalo sisi makarani hulipenda kuliko wengine, na wasomaji watusamehe. Chombo kitumikacho tena ni mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine bila maandishi hupotea. Tumeona wauzaji walionunua trei nzuri za plastiki, na baada ya miezi miwili hawana hata moja. Hawakuibiwa. Mwenye mgahawa alisema “nitakurudishia kesho”, mfanyakazi wake akazitumia kuhifadhia nyanya, na kesho haikufika.

Dawa ya jambo hili ni mambo matatu. Kwanza ni alama: kila trei ipakwe rangi pembeni, au ifungwe uzi wa rangi, au itobolewe tundu dogo, ili ijulikane ni ya nani. Pili ni amana. Watu wote waijua amana kwa desturi ya chupa za soda: mwenye duka hakupi chupa kwenda nayo pasipo kuacha chupa tupu au fedha yake. Nawe ufanye hivyo hivyo. Mnunuzi wa kwanza aweke amana iliyo sawa na bei ya trei mpya. Siku ya pili umpe trei iliyojaa naye akupe iliyo tupu, tupu kwa iliyojaa, na amana ikae. Siku atakapoacha kununua, arudishe trei na kupokea amana yake kamili. Amana si faida yako. Ni fedha yake iliyolala kwako. Mtu aitumiaye kununulia sukari atatahayari siku ya kudaiwa.

Tatu ni daftari. Mistari sita yatosha: tarehe, jina la mnunuzi, trei zilizotoka, trei zilizorudi, trei zilizobaki kwake, amana iliyopokewa. Tuseme mwenye duka alikuwa hana trei yako hata moja. Siku ya kwanza alichukua tatu: andika zilizotoka 3, zilizorudi 0, zilizobaki 3. Siku ya pili alichukua mbili na kurudisha mbili: zilizobaki ni 3 vile vile. Siku ya tatu alichukua mbili na kurudisha moja: sasa zilizobaki ni 4, na amana ya trei moja haijawekwa. Pasipo daftari jambo hili lingeleta maneno; penye daftari lamalizwa kwa kusoma. Asiyejua kuandika na amwombe mtoto wake wa shule, naye mtoto atapata zoezi lenye maana kuliko yote ya darasani.

HESABU YA FAIDA

Wako watakaosema: “Kazi yote hii kwa mayai?” Twawajibu kwa hesabu. Mtu auzaye mayai 60 kwa juma, akipoteza moja katika kila kumi, hupoteza mayai 6 kwa juma. Mwaka una majuma 52. Basi hupoteza mayai 312, yaani trei 10 nzima na mayai 12 juu yake. Kuku wake wametaga mayai hayo, wamekula chakula kwa ajili yake, naye ameyabeba hadi sokoni ili kuyamwaga.

Sasa tuseme trei moja ya plastiki yagharimu sawa na mayai 12. Kila mtu aweke bei ya soko lake mahali pa mfano huu. Kwa mayai 60 trei mbili huenda na mbili hungoja kwa mnunuzi, jumla nne, ambazo ni sawa na mayai 48. Akiokoa mayai 6 kwa juma, gharama yake imerudi katika majuma 8. Baada ya hapo kila yai lisilovunjika ni faida. Na asiyeweza kununua trei aanze na kikapu na kumvi; haba na haba hujaza kibaba.

Penye kikundi cha wafugaji mambo huwa mepesi zaidi. Wanaweza kununua trei kwa pamoja, kuzitia alama moja, na kumchagua mtu mmoja wa kuziosha na kushika daftari. Lakini hapo kanuni za usafi zizidi kushikwa, kwani trei izungukayo nyumba kumi pasipo kuoshwa itachukua ugonjwa wa nyumba moja na kuugawa kwa kumi zote. Twawaomba wenyeviti wa vijiji na wakuu wa masoko wafikiri habari ya kuweka mahali pa kuoshea vyombo vya mayai na matenga ya kuku hapo hapo sokoni, penye maji na shimo, ili uchafu wa soko ubaki sokoni.

Yule mama wa Usambara alianza tena na wale kuku watano. Sasa anao ishirini na sita, nao huchanjwa. Mayai huyaokota kwa kikapu kisichotoka uani, na sokoni hushuka na trei za plastiki zenye alama ya rangi nyekundu. Tulipopita kwake mwisho, trei zilikuwa zimeanikwa juu ya kamba nje ya uzio, na binti yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa akiandika daftari. Tulimwuliza mama kama kazi haikuzidi. Akasema, “Kazi imezidi kidogo, baba. Lakini kuzika kuku kulikuwa kazi kubwa zaidi.”

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini yai husimamishwa ncha nyembamba ikiwa chini?

2. Kwa nini trei huoshwa kwa sabuni kabla ya kutiwa dawa?

3. Mfugaji apeleka mayai 150 katika trei za matundu 30. Apeleka trei ngapi? Mnunuzi ambaye hakuwa na trei yoyote arudisha trei 3 kati ya hizo. Amebaki na ngapi?

4. Mtu auza mayai 90 kwa juma, na moja katika kila kumi na tano huvunjika. Hupoteza mayai mangapi kwa majuma 10? Ni trei ngapi?

5. Chunguza nyumbani kwenu: chombo cha kuokotea mayai na chombo cha kwendea sokoni ni kimoja au ni viwili? Mweleze mzazi wako uliyojifunza, kwa adabu.